Lugha za programu ambazo hazina lupu, hazina null, na nyingine hazina hata if

Ijumaa moja jioni mama mmoja alipiga simu ofisini, wenzangu washaondoka, nikapokea mimi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akasema yeye ana mtoto mmoja tu kwenye ile shule, kalipa laki mbili na nusu asubuhi ile, sasa meseji ya risiti aliyotumiwa ina watoto watano, "hao wanne ni wa nani mwanangu, na hizo hela zao nazilipa mimi?" Nilikuwa nimekaa, nikasimama. Hao wanne walikuwa watoto wa watu wengine kabisa, na majina yao pamoja na kiasi walicholipa wazazi wao vilikuwa vimeingia kwenye simu ya mtu asiyehusika.

Mfumo wenyewe ulikuwa mdogo, wa kupokea ada na kutuma risiti kwa SMS, tumeuandika kwa lugha ya programu ya Python, na ile sehemu ya risiti niliiandika mimi kwa mkono wangu. Hii hapa, nimeipunguza tu:

```
def andaa_risiti(malipo, mistari=[]):
    mistari.append(malipo)
    return mistari
```

Ukiipitia haraka huoni kitu. Kama hujaleta listi yako inaanza na listi tupu, unaongeza malipo, unarudisha, basi. Ishu ni kwamba kwenye Python ile listi tupu haitengenezwi kila unapoiita fankisheni (kile kipande cha kodi chenye jina), inatengenezwa mara moja tu pale Python inaposoma ule mstari wa def, af baada ya hapo kila anayeita bila kuleta listi anapewa ile ile. Mzazi wa kwanza anapata risiti yake safi, wa pili anapata yake na ya mwenzake, wa tano anapata ya wote. Na kwenye majaribio haikuonekana kwa sababu kila tulipojaribu tulikuwa tunawasha upya, tunalipa mara moja, tunaona risiti nzuri, tunafunga tunaenda zetu.

Kurekebisha ilikuwa mistari miwili. Kuwapigia wazazi mmoja mmoja kuwaomba radhi ndo ilichukua siku. Kila mtu aliniambia siku nyingine uwe makini, na mimi nilikuwa makini, ile kodi, yaani maandishi ya programu, tuliipitia watu wawili na wote tuliiona iko sawa. Kilichonikaa kichwani ni swali lingine: hivi kuna namna ya kuandika programu ambapo kosa la aina hii haliandikiki, yaani hata ukilitaka hulipati? Python naipenda na mpaka leo ndo inanilisha, ila kwa swali hilo haina jibu. Hapo ndo nikaanza kusoma lugha za fankisheni, yaani zile ambazo programu inajengwa hasa kwa fankisheni, na kilichonishangaza sio vile vitu zilivyonavyo, ni vile ambavyo hazina.

Nilianza na Elm. Aliitengeneza Evan Czaplicki, ilianzia kwenye tasnifu yake ya chuo pale Harvard mwaka 2012, ni lugha ya kutengenezea kurasa zinazoendeshwa ndani ya brauza. Wiki ya kwanza nilikuwa naandika kwenye daftari kila nilichokitafuta nikakikosa. Kubadilisha kigeu, yaani jina linaloshika thamani, hakuna. For hakuna, while hakuna, zile lupu za kurudia kazi. Null, ile thamani ya kusema hapa hakuna kitu, hakuna. Kurusha eksepsheni, yaani kukatisha kazi kwa kutangaza kosa, hakuna. If (kama) ipo, lakini ukiiandika bila else (la sivyo) kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri kodi yako, inakataa. Nikajiuliza sasa watu wanafanyaje kazi humu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hivi vitu havikuachwa kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele, vimesukwa pamoja kama mkeka, ukivuta huku kule kunakuja. Chukua lupu. Ile while unayoijua inaishi kwa sababu kuna kitu kinabadilika, i inaanza 0 inaenda 1 inaenda 2, siku inafika 10 unatoka. Sasa ondoa uwezo wa kubadilisha i. Sharti la while ama litakuwa kweli milele ama litakuwa uongo tangu mwanzo, hakuna hali ya tatu, kwa hiyo lupu yenyewe haina kazi tena na wala hakuna haja ya mtu kuifukuza. Kinachobaki ni fankisheni kujiita yenyewe ikiwa na namba mpya, au kutumia map na fold, fankisheni za kupitia listi, ambazo ndani yake zinafanya hicho hicho. Else nayo ni hivyo hivyo: kwenye lugha hizi kila kitu ni lazima kizae thamani, sasa if isiyo na else ikikuta sharti ni uongo itazaa nini?

Null ndo kisa kinachojulikana zaidi. Tony Hoare aliiweka kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, na mwaka 2009 alisimama mbele ya watu London akasema mwenyewe kwamba ni kosa lake la dola bilioni moja, aliiweka kwa sababu ilikuwa rahisi kuiweka. Elm wanatumia Maybe, ama unacho ama huna, na huwezi kukigusa kilichomo ndani bila kusema utafanya nini kikikosekana. Sitakaa sana hapo maana wadau wengi mmeshakutana nayo kwenye Kotlin au Swift.

Haskell ndo ilinipa picha ya jinsi kitu kinavyoachwa halafu kikazaa kingine. Septemba 1987 watafiti walikutana Portland, Oregon, kila kundi lilikuwa na kalugha kake ka kivivu, wakakubaliana watengeneze moja ya pamoja, na ripoti ya kwanza ikatoka 1990. Lugha ya kivivu maana yake haihesabu kitu mpaka pale mtu anapohitaji jibu lake, kama hakuna anayehitaji haihesabiwi kabisa. Tamu sana, unaweza kuwa na listi isiyo na mwisho ukachukua 5 za mwanzo tu. Ila sasa fikiria umeweka katikati ya hesabu amri ya kuandika kwenye skrini, au ya kukata hela kwenye akaunti. Itatekelezwa lini? Itatekelezwa mara ngapi? Itatekelezwa kweli? Huwezi kujua. Kwa hiyo hawakuwa na ujanja, ikabidi amri za namna hiyo zisiwepo ndani ya fankisheni za kawaida. Simon Peyton Jones, mmoja wa walioitengeneza, ameeleza waziwazi kwamba uvivu ndo uliowalinda, maana lugha zingine zilizotaka kuwa safi, yaani bila amri kama hizo ndani ya fankisheni, zilishawishika zikaruhusu hapa kidogo na pale kidogo, wao hata wangetaka wasingeweza.

Na waliteseka kwelikweli. Kwenye matoleo ya kwanza, programu ya kusoma na kuandika ilikuwa fankisheni inayopokea mfululizo wa majibu na kutoa mfululizo wa maombi, yaani unatoa ombi la kusoma faili kabla hujapata jibu la ombi lililotangulia, ukikosea mpangilio kidogo inakwama. Njia ya monadi, yaani namna ya kuziunganisha amri hatua kwa hatua, ambayo Philip Wadler aliichukua kutoka kwenye kazi ya kinadharia ya Eugenio Moggi, ilikuja kuwa ndo utaratibu rasmi kwenye toleo la 1.3 mwaka 1996. Miaka sita ya kuishi na shimo. Mi naamini kabisa kama mwaka 1990 wangeruhusu print iwekwe popote, hakuna ambaye angehangaika kutafuta ile njia, na leo tusingekuwa na lugha ambayo ukisoma tu saini ya fankisheni, ule mstari unaotaja inapokea nini na inatoa nini, unajua kama inagusa dunia ya nje au haigusi.

Sasa Erlang, na hapa naomba mnivumilie maana ndo lugha niliyoipenda kuliko zote. Ilizaliwa kwenye maabara ya Ericsson kule Sweden katikati ya miaka ya 80, Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, shida yao ilikuwa mitambo ya simu. Mtambo wa simu unabeba maelfu ya maongezi kwa wakati mmoja, moja likiharibika mengine hayatakiwi hata kujua, na hairuhusiwi kuuzima eti unaweka toleo jipya. Watu wengi wanadhani Erlang iliacha memori ya pamoja kwa ajili ya spidi ya prosesa nyingi, lakini zile prosesa nyingi ndani ya kompyuta moja zilikuwa bado hazijawa jambo la kawaida. Sababu ya Armstrong ilikuwa makosa. Kama prosesi mbili, yaani kazi mbili zinazoendeshwa kila moja kivyake, zinaandika kwenye memori moja, na moja ikafa katikati ya kuandika, kile ilichokiacha ni nusu nusu, na yule aliyebaki atakuja kukikanyaga bila kujua. Huwezi kusema umemtenga mgonjwa wakati mnakula sahani moja. Kwa hiyo kila prosesi ina memori yake, ikitaka kuongea na mwenzake inatuma meseji, na meseji inakopiwa, haikabidhiwi ile yenyewe. Ikifa inakufa na vyombo vyake.

Bei yake ipo. Kukopi kunakula muda, ndo maana wakaweka msamaha kwa data za baiti ghafi zinazozidi baiti 64, hizo zinakaa pembeni na kinachotumwa ni anuani yake, na inawezekana kwa sababu hazibadiliki. Lakini angalia kilichopatikana bila hata kupangwa: kwa kuwa kila prosesi ina kibanda chake, kufagia memori nako kunafanyika kibanda kwa kibanda, hakuna siku mfumo mzima unasimama kusubiri usafi. WhatsApp iliandikwa kwa Erlang, mwezi wa kwanza 2012 walitangaza kwamba seva moja yao inashika watu zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja, na Facebook ilipotangaza kuinunua mwaka 2014 ilikuwa na watumiaji milioni 450 kwa mwezi na wahandisi wapatao 30 tu. Zile meseji za magrupu ya harusi na vikoba zinazoingia kwenye simu zetu kutwa nzima zimepita kwenye uamuzi wa watu wa mitambo ya simu waliokataa kula sahani moja.

Ile listi yangu ya risiti nayo, nikaifikiria kwa Kierlang. Kwanza hakuna append ya kubadilisha listi, ukiongeza unapata listi mpya na ya zamani iko vile vile. Pili hata ungekuwa na mahali pa kutunza kitu, kila ombi linaloingia kwa kawaida lina prosesi yake, likiisha linaondoka na vyake. Ningetaka kuchanganya watoto watano kwenye risiti moja ingebidi nikae chini nipange kabisa jinsi ya kufanya hivyo.

Kuna kimoja kwenye Erlang ambacho sikubaliani nacho. Kigeu kikishapewa thamani hakipewi nyingine hata ndani ya fankisheni hiyo hiyo, ukiandika X = 5 halafu X = 6 inakugomea kwa sababu ile alama ya sawasawa inalinganisha, na 5 hailingani na 6. Inaonekana ni msimamo mzuri mpaka unapoanza kuandika Malipo1, Malipo2, Malipo3, na siku moja unapeleka Malipo1 mahali palipotaka Malipo2, kompaila haisemi neno. Imenitokea. José Valim alipotengeneza lugha ya Elixir juu ya mashine ile ile inayoendesha Erlang aliruhusu jina kutumika tena, na watu wa Erlang baadhi hawakufurahi, lakini mi naona alikuwa sahihi: thamani yenyewe haijaguswa, anayeishikilia ile ya zamani anabaki nayo, kilichohama ni jina tu. Kilichoniumiza kwenye risiti ilikuwa thamani kubadilika chini ya mguu wa mtu mwingine, na hilo Elixir hairuhusu.

Clojure nitaigusa kidogo tu. Rich Hickey aliitoa 2007, inakaa juu ya mashine ya Java, na mashine ya Java haijui kufuta mwito wa mwisho, yaani fankisheni ikijiita mara elfu nyingi staki, ile memori inayokumbuka miito, inajaa. Angeweza kuifanya kompaila irekebishe kimyakimya pale inapowezekana. Akakataa, akaweka neno recur, ukiliandika mahali ambapo haliwezi kufanya kazi unakataliwa hapo hapo. Mi nimeipenda hiyo, ni bora kuambiwa hakuna kuliko kuambiwa kipo halafu siku ya kukitegemea kinakuangusha.

OCaml ni watu wa Ufaransa, INRIA, na hawa wana subira isiyo ya kawaida. Ukiandika 1 + 2.5 inakataa, namba za desimali zina alama yake ya kujumlisha, +. yenye kidoti. Siku ya kwanza inaudhi. Sababu ni kwamba kompaila yake inakisia aina ya kila kitu bila wewe kuandika, na alama moja ikiwa na maana mbili lazima kuwe na utaratibu wa kuchagua maana ipi, na huo utaratibu una gharama yake, wakaona bora kidoti. Kwa mtu anayeshughulika na hela kale kadoti kana faida, unaona kabisa pale shilingi ilipogeuka desimali. Halafu hawa hawa walikaa miaka zaidi ya 20 programu moja ikitumia kiini kimoja tu cha prosesa kwa wakati, kuna kufuli kubwa moja, dunia nzima inawacheka, na mpaka toleo la 5.0 Desemba 2022 ndo likaruhusu viini vingi kweli. Waliokuwa wanalishughulikia walijiwekea sharti gumu, programu za zamani zisizohitaji viini vingi zisipungue mwendo na zisivunjike. Kuacha kitu kwa miaka 20 kwa sababu bado hujajua namna ya kukiweka bila kuumiza waliokwisha kuwepo, hiyo naiheshimu.

Twende kwenye ubishi mkubwa kabisa, ule unaofanya watu wazima wagombane: taipu klasi. Ni wazo la Wadler na Stephen Blott la mwaka 1989, kwa maneno ya kawaida ni namna ya kusema "fankisheni hii inapokea kitu chochote, alimradi kitu hicho kinajua kujilinganisha", halafu kompaila yenyewe inatafuta ulinganisho unaofaa. Haskell imejengwa juu yake. Elm hawana. Gleam, lugha ya Louis Pilfold inayogeuzwa kuwa Erlang au JavaScript na iliyofika toleo la 1.0 mwezi Machi 2024, nayo haina na wamesema hawana mpango wa kuweka.

Kwenye Elm hili liliniuma kwa vitendo. Nilikuwa na aina yangu ya madarasa, Chekechea, Msingi 1, Msingi 2 na kuendelea, nikataka kuhesabu wanafunzi kwa darasa kwa kutumia Dict, jedwali ambalo kila ufunguo una thamani yake. Elm ikakataa, ufunguo wa Dict lazima uwe comparable, na comparable ni kikundi kidogo walichokiamua wenyewe: namba, herufi, maneno, na listi au jozi za hivyo. Aina yako uliyoiunda haimo na hakuna namna ya kuiingiza. Nikaishia kugeuza darasa kuwa maneno kila ninapoingia na kuligeuza tena kuwa darasa ninapotoka. Kwa hiyo ukichunguza, wazo la "vitu vinavyojua kujilinganisha" Elm wanalo, ila wamejiwekea wao. Hapo ndo nilipoanza kuona tofauti kati ya kuacha kitu na kukifungia kabatini.

Gleam wamefanya kinyume. Ukitaka kupanga listi unaleta mwenyewe fankisheni ya kulinganisha:

```
list.sort(malipo, by: int.compare)
```

Ni maneno mengi kidogo, lakini hakuna uchawi, anayesoma anaona nani analinganisha, na aliyeandika laibrari rasmi hana kitu ambacho mimi sina. Na ufunguo wa dict yake ni kitu chochote. Nimeandika Gleam karibu mwaka sasa na taipu klasi nimezikumbuka mara chache sana, nyingi zikiwa pale ninapobadilisha data kwenda JSON, ule mtindo wa maandishi wa kubadilishana data, na kurudi, ambapo kweli unaandika mpaka mkono unachoka.

Kabati la Elm lilikuja kufungwa zaidi Agosti 2018, toleo la 0.19. Kabla ya hapo kulikuwa na njia ya uchochoroni, unaweza kuandika kipande cha JavaScript, lugha ya brauza, na kukiita moja kwa moja kutoka Elm, haikuwa rasmi lakini watu na makampuni walikuwa wameshajenga juu yake. 0.19 ikaifunga, ikabaki kwa laibrari za mradi wa Elm wenyewe tu. Alama za kujitungia nazo zikaondoka, na jozi za vitu zaidi ya vitatu. Sababu walizotoa sio za kijinga: kama hakuna JavaScript ndani basi ahadi ya kwamba programu haitaanguka kwenye brauza inashika, na kompaila inaweza kutupa kila fankisheni isiyotumika maana ina uhakika hakuna inayofanya jambo la pembeni, faili linakuwa dogo kweli, na kwa mzazi anayefungua ukurasa kwa bando la mia tano hilo ni jambo kubwa. Njia rasmi iliyobaki inayojulikana zaidi ni bandari, unatuma ujumbe kwenda JavaScript na jibu linarudi baadaye kama ujumbe.

Sasa mimi nilikuwa nataka tarehe za Kiswahili. Brauza zina kitu kinaitwa Intl, unakipa tarehe na neno "sw-TZ" kinakuandikia kwa Kiswahili hapo hapo, mstari mmoja wa JavaScript. Kutoka Elm siwezi kukiita moja kwa moja. Kupitia bandari ina maana jedwali la malipo 300 litume tarehe 300 nje, lisubiri, lipokee 300, lijue ipi ni ya mstari upi. Nikaandika kwa mkono, Jan inakuwa Januari, Feb inakuwa Februari, mpaka mwisho, na nilipomsahau Novemba kompaila ikaniambia hujasema Nov inakuwa nini. Nilishukuru na nilikasirika kwa wakati mmoja. Miezi 12 unaandika, sawa, lakini kuna wenzangu walikuwa na mahitaji makubwa kuliko miezi, na walikuta mlango uliokuwa wazi jana umefungwa, na hawa ni watu walioiamini lugha hiyo wakailetea kazi zao.

Msimamo wangu baada ya miaka hii ni huu: kuacha ni sawa na tena nakutaka, ila aliyeacha aweke mlango, na mlango uandikwe waziwazi ni mlango. Haskell wanao, unaitwa unsafePerformIO, jina lenyewe linakuambia hapa pana hatari, ukiukuta kwenye kodi ya mtu unauliza maswali. Erlang wana ETS, majedwali ya pamoja ambayo prosesi nyingi zinasoma na kuandika, na hata pale data inakopiwa inapoingia na inapotoka. Gleam unaandika hivi:

```
@external(javascript, "./tarehe.mjs", "andika")
pub fn andika_tarehe(muda: Int) -> String
```

na Intl ni yako. Kompaila inakuamini kwa hiyo aina uliyoiandika, ukidanganya umejidanganya, lakini uongo huo uko kwenye mistari miwili yenye jina, hauko kila mahali. Kukiharibika kitu ndo naanzia hapo kuangalia. Na mtu yeyote anaweza kuutumia, sio waliotengeneza lugha peke yao.

Mwezi uliopita kijana tuliyempokea kazini nilimpa ile sehemu ya kukumbusha wazazi ada, tunaiandika upya kwa Gleam. Baada ya nusu saa akaniita, "kaka, if yao iko wapi?" Nikamwambia hakuna, wana case tu. Akaniangalia kama nimemnyima kiti. Alikuwa anataka kuandika kama amelipa tuma asante, la sivyo tuma kumbusho. Nikamwonyesha hali ya malipo tulivyoiandika:

```
pub type Hali {
  HajalipaKitu
  AmelipaSehemu(Int)
  AmelipaYote
}
```

Akaandika case, akaweka HajalipaKitu, akaweka AmelipaYote, akaendesha. Kompaila ikamgomea, ikamtajia kwa jina kwamba AmelipaSehemu hujaisemea. Akakaa kimya kidogo. Kwenye lugha yenye if, aliyelipa laki moja kati ya laki mbili na nusu angeangukia kwenye else na kutumiwa meseji kali ile ile ya mtu ambaye hajalipa hata shilingi, na tusingejua mpaka mama mwingine apige simu Ijumaa jioni. Akaniuliza, "sasa huyu wa nusu tumwandikie nini kaka?" Sikuwa na jibu, kwenye makubaliano yetu na shule hakuna mahali palipoandikwa. Tukampigia mhasibu wa shule, naye akasema ngoja nimuulize mwalimu mkuu.